Mguu umepona, mbwa hakanyagi

Jirani yangu alisimama upande wa pili wa ua wa masale, mikono mfukoni, akatazama kwa muda bila kusema kitu. Mimi nilikuwa nimeloa hadi kiunoni. Mbwa alikuwa ndani ya hodhi la saruji, maji yamemfika nyongani, kanga kuukuu imepita chini ya tumbo lake na ncha zote mbili nimezishika mimi. Pembeni, juu ya mafiga, sufuria la shughuli lilikuwa linatoa mvuke.

"Kwa hiyo mnamchemshia maji," akasema.

Nikamjibu kwamba ni ya uvuguvugu tu, kaka.

"Mama yangu tangu apooze hajawahi kupashiwa maji ya kujaza hilo."

Hakulisema kwa ubaya. Angelisema kwa ubaya ningemjibu, tumezoeana. Aliokota panga lake akaenda kukata majani ya ng'ombe, na mimi nikabaki na hilo neno wiki baada ya wiki.

Nilitaka kuandika kuhusu mbwa na maji, jinsi mbwa aliyepasuliwa nyonga anavyofundishwa kukanyaga tena, basi. Nimeanza mara kadhaa na kila mara neno la jirani linakaa katikati ya ukurasa. Nimeamua kuliacha likae.

Kucha ndefu

Bosi ni mbwa wa kawaida wa huku Rau: rangi ya udongo, sikio moja limesimama, jingine limelala, kilo 20 akishiba. Aligongwa na bodaboda kabla hapajapambazuka. Anayeuliza mbwa alikuwa anatafuta nini barabarani saa hiyo hajawahi kufuga mbwa Moshi.

Kichwa cha mfupa wa paja, kile kinachoingia kwenye tundu la nyonga, kilikuwa kimevunjika. Daktari wa mifugo alitueleza bila kuzunguka. Pana upasuaji wa vyuma na pana ule wa kukiondoa hicho kichwa kabisa. Tulichagua wa pili. Ukiusikia mara ya kwanza unashtuka, maana mfupa unakatwa na hakuna kinachowekwa mahali pake. Misuli na kovu ndivyo vinavyojenga kiungo kipya, na kwa mbwa mwepesi kiungo hicho humtosha maisha yake yote. Mbwa wazito huwa wanapata taabu zaidi.

Lakini pana sharti. Mguu utumike mapema. Kovu likikaza huku mguu umekunjwa, mbwa hatakuja kuunyoosha nyuma vizuri tena, na kutembea kwa mbwa ni huko kusukuma nyuma.

Hilo sharti mbwa haambiwi akaelewa. Kidonda kilifunga, nyuzi zikatolewa, na Bosi akaanza maisha ya miguu mitatu kwa ustadi wa kuudhi. Alikimbia. Aliruka mfereji. Alifukuza kuku wa watu. Kila aliyepita alisema jamani, mbwa amepona!

Mimi mwenyewe ningekubali kama si kucha.

Siku moja nilimlaza chini kumtoa kupe, nikashika ule mguu wa nyuma wa kushoto. Kucha zilikuwa ndefu, zimepinda, zina ncha kali kama za mtoto wa mbwa. Za miguu mingine mitatu zilikuwa fupi, butu, zimesagwa na changarawe. Nyayo za mguu ule zilikuwa laini, hazina hata mchubuko. Nikachukua tepu ya fundi cherehani nikapima mapaja yote mawili, mahali pamoja, karibu na kinena. Sikuhitaji kusoma namba. Upande wa kushoto tepu ilizunguka ikabaki inaning'inia.

Nilimpigia daktari. Akasema kazi ya mfupa ameshaimaliza, na mfupa hauna shida. Mbwa ndiye anakumbuka maumivu, na kila siku anayotembea kwa mitatu anazidi kuamini kwamba mitatu inatosha. "Mtafutie namna ya kukanyaga bila kuogopa," akasema. "Maji ndiyo rahisi."

Rahisi!

Kilo saba na nusu

Nilichokisoma usiku ule ndicho kilichonifanya nimwite fundi kesho yake, kwa hiyo nitakikalia kidogo.

Mwaka 2010, katika jarida la Marekani la utafiti wa tiba ya wanyama, zilichapishwa namba ambazo wataalamu wa mazoezi ya mbwa wanazitumia hadi leo. Mbwa walisimamishwa majini, maji yakapandishwa hatua kwa hatua, na uzito unaofika miguuni ukapimwa. Maji yakiwa kwenye kifundo cha mguu wa nyuma, mbwa bado anabeba asilimia 91 ya uzito wake. Yakifika gotini, asilimia 85. Yakifika nyongani, asilimia 38.

Tazama hiyo hatua ya mwisho. Kutoka kifundoni hadi gotini tofauti ni ndogo. Kutoka gotini hadi nyongani uzito unaporomoka, kwa sababu hapo kiwiliwili chenyewe kimeanza kuelea. Bosi wa kilo 20 nchi kavu anakuwa Bosi wa kilo saba na nusu hivi, akiwa bado amesimama kwa miguu yake.

Halafu kuna mengine yanayokwenda pamoja. Maji yanabana mguu pande zote, na mbano huo husaidia kupunguza uvimbe. Ya uvuguvugu hulegeza misuli iliyokakamaa. Na maji ni mazito: yana uzito wa mara 800 hivi ukilinganisha na hewa, kwa hiyo kila hatua inasukuma kitu. Msuli unafanya kazi bila kiungo kugongwa. Tena mbwa hawezi kurusha mguu haraka akadanganya, kama anavyofanya barabarani. Mwendo unakuwa wa polepole, na katika polepole ile mguu wa nne unapata muda wa kushuka.

Kwa wenzetu wa Ulaya, Marekani na Afrika Kusini kuna mashine za kutembelea ndani ya sanduku la kioo. Mkanda unazunguka chini, maji yanajazwa mbwa akiwa ndani, mtaalamu anamtazama miguu kutoka pembeni. Tiba hii ilizoeleka kwanza kwa farasi na mbwa wa mashindano ya mbio, wanyama ambao wenye nao walikuwa na sababu ya pesa kuwarudisha uwanjani. Mimi nilikuwa na Bosi, ambaye thamani yake sokoni ni sifuri.

Kila mtu ana maji yake

Moshi ukisema unatafuta maji, kila mtu ana ushauri.

Mpeleke mtoni, walisema. Mto unaoshuka mlimani ni baridi, na baridi inakaza msuli ambao wewe unataka ulegee. Juu yake mawe yanateleza, na mbwa wa miguu mitatu akiteleza mara moja amejifunza kutokukanyaga kwa mwezi mwingine. Mpeleke huku chini kwenye mifereji ya mpunga, maji yana joto. Yana joto, na yana konokono wa kichocho, na mimi ndiye ningekuwa nimesimama ndani. Maji yaliyotuama yanaweza pia kuwa na bakteria wa leptospira kutoka kwenye mkojo wa panya na mifugo, wanaoleta ugonjwa unaompata mbwa na unaompata mwenye mbwa.

Chemka, zile chemchemi za kuogelea, ilitajwa na kila kijana. Na kweli, ukiacha jina, maji ya pale hayaunguzi, ni mazuri, unaona hadi chini. Ila ni ya kina, yana mkondo, na wikendi yamejaa watu waliolipa kiingilio. Sitaki kuwa yule mtu aliyeleta mbwa.

Nilipomsimulia daktari juu ya Chemka akanipa jambo ambalo lingenipita. Kuogelea na kutembea majini ni tiba mbili tofauti. Mbwa akielea, kazi kubwa hufanywa na miguu ya mbele, na ile ya nyuma inaweza kuachwa ifuate tu. Ule wa nyuma ukipiga, hupiga kwa kujikunja. Upo utafiti wa 2003 kwa mbwa waliofanyiwa upasuaji wa goti ambao ulionyesha mwendo mpana zaidi wa goti na kifundo mbwa akiogelea kuliko akitembea, kwa hiyo kwa mbwa wa goti kuogelea kuna faida yake. Bosi ni mbwa wa nyonga. Alichokuwa anakipoteza ni kunyoosha. Alihitaji sakafu chini ya miguu.

Fundi na josho

Fundi alisikiliza maelezo yangu yote, akachora chini kwa kijiti, akauliza kama najenga josho la ng'ombe mmoja.

Swali zuri kuliko alivyojua. Waliokulia vijijini wanalijua josho: ng'ombe anasukumwa, anatumbukia, anazama hadi pembe, anaogelea kwenye dawa ya kupe na kutokea upande wa pili akiwa na hasira. Mimi nilitaka kinyume chake kabisa. Mbwa aingie kwa mteremko, akitembea, asipoteze sakafu hata mara moja. Na nyembamba kama josho ndiyo, asiweze kugeuka. (Kuna aliyenishauri nitumie josho la zamani lililoachwa. Tafadhali usifanye hivyo. Dawa iliyokaa mle usiamini kwamba imeisha.)

Tukajenga kwa tofali za kuchoma, pembeni ya migomba, urefu wa kutosha hatua kadhaa, mteremko kila upande. Sakafu fundi aliichora mistari kwa ncha ya mwiko saruji ikiwa bado mbichi, isiteleze. Simtanki jeusi la juani linatoa maji ambayo saa nane mchana huwa yamepata moto wake, na mwezi wa saba, jua likijificha siku nzima, ndipo sufuria la shughuli linapoingia. Kipimajoto ni kile cha banda la vifaranga. Nakaa kati ya nyuzi 28 na 32. Klorini kidogo, maji yanabadilishwa, na yanayotoka yanakwenda pembeni kwanza kabla hayajaonja migomba.

Bosi alichukia. Naomba hili lieleweke, kwa sababu video za mitandaoni zinaonyesha mbwa wenye furaha na mipira ya rangi. Alikakamaa, akatetemeka, akanitazama kama mtu aliyesalitiwa. Siku za mwanzo maji yalimfika vidoleni tu na kazi yote ilikuwa kula vipande vya dagaa huku amesimama. Kisha kifundoni. Kisha gotini, ambako faida nyingine ilijitokeza: maji ya kina hicho yanamlazimu mbwa kuinua mguu juu zaidi ili auvushe, kwa hiyo viungo vinakunjika kuliko nchi kavu.

Yalipofika nyongani, mguu wa kushoto ulishuka.

Nilikuwa nimeinama, nauona kupitia majini. Kwanza zile kucha ndefu ziligusa sakafu, zikaondoka. Zikagusa tena. Halafu vidole vikatanuka, kimoja kimoja, jinsi vinavyotanuka vya mbwa anayebeba uzito. Alikuwa hata hatazami huko, anatafuta dagaa. Akapiga hatua na mguu ukabaki nyuma, umenyooka, kisha ukaja.

Dakika chache tu, nikamtoa. Hapo ndipo wengi wanaharibu kwa mapenzi. Mbwa mgeni wa maji anachoka haraka mno, na akichoka anarudi kwenye tabia yake ya zamani, unakuwa umemfundisha kuchechemea ndani ya maji. Ulimi ukianza kupanuka, kichwa kikianza kushuka, au mguu ukianza kuinuliwa tena, inatosha. Akinywa sana maji ya hodhi, inatosha pia, maana mbwa anaweza kudhurika kwa kunywa maji mengi kupita kiasi. Mkaushe, hasa masikio. Na kidonda kibichi, homa, kuhara, au moyo mbovu, huyo haingii hata kama hodhi limeshajazwa.

Lile neno

Wiki zile zile ndipo jirani aliposimama kwenye masale.

Mama yake tunamwita Bibi, sote. Kila asubuhi anatolewa nje, anakalishwa kwenye kiti chini ya mparachichi, upande wake wa kulia umekufa ganzi tangu kiharusi. Anafunikwa shuka. Analetewa mtori. Msichana wa nyumbani anamshikia kikombe. Jioni anarudishwa ndani. Hakuna mtu mtaani anayeweza kusema mama yule hapendwi.

Nina rafiki, dada mmoja wa fiziotherapia ya binadamu, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, mmoja wa waliosomea hospitali ya KCMC. Nilimwendea nikiwa na nia ya kujitetea, nadhani. Nilitaka aniambie kwamba mbwa na binadamu ni mambo mawili, nilale usingizi.

Hakuniambia hivyo. Alisema watu nao hutibiwa majini, na hesabu za uzito zinafuata kanuni ile ile: kadiri maji yanavyopanda mwilini ndivyo miguu inavyopunguziwa mzigo. Akaniuliza habari za Bibi. Anakaa siku nzima? Siku nzima. Kikombe anakishika nani? Nikamwambia.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema hao ndio wagonjwa wake wa kila wiki. Familia zinazopenda hadi mgonjwa hanyanyui kijiko. Mkono usiotumika unasinyaa, unakaza, na nyumba nzima inashukuru Mungu kwamba angalau mama amepumzika.

Nikakumbuka tepu ya fundi cherehani.

Sisi tukiuguza, tunapumzisha. Ndiyo heshima tunayoijua. Mgonjwa akitaka kusimama tunamwambia kaa, mama, tulia, sisi tupo. Jirani aliona mvuke akadhani mbwa anastareheshwa. Kumbe ile ndiyo saa Bosi anayoichukia kuliko zote, saa ambayo hakuna anayemwonea huruma ya kumbeba. Kanga ile haimnyanyui, inamzuia asianguke tu. Maji yanampunguzia mzigo ili afanye kazi, si ili apumzike, na hiyo tofauti ndiyo niliyokuwa naitafuta wiki zote zile.

Unamwambiaje mtu kitu kama hicho kuhusu mama yake? Kwamba mbwa wangu amepata alichokikosa mama yako, na hakikuwa maji ya moto, kilikuwa kusumbuliwa?

Na bado yeye alikuwa na hoja ambayo sijaijibu. Mifuko ile ya saruji niliinunua kwa ajili ya mbwa. Nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali mara kwa mara, mtu wa kumsindikiza, siku ya kazi inayopotea, hizo ni pesa, na mtaa wetu hauna hodhi la Bibi yeyote. Naweza kuzungusha maneno kwamba huruma haigawanyiki, kwamba pesa zangu zisingeenda kwake hata kama mbwa asingekuwepo. Ni kweli, na ndiyo inayouma zaidi.

Mtu wa kwanza kuniuliza swali la maana alikuwa Bibi mwenyewe. Nilipita kumwamkia, nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba kwa ile sauti nzito ya upande mmoja. Hakuuliza gharama. Hakuuliza maji.

"Anakanyaga?"

Nikamwambia ndiyo, Bibi, akiwa majini. Nje bado bado.

"Mwache achoke," akasema.

Jumapili moja baada ya ibada dada yule alikuja kwangu, tukaenda wote kumsalimia. Yaliyofuata ni ya nyumba ile, hayana nafasi kwenye blogu yangu.

Hali ilivyo sasa

Bosi anatembea kwa minne. Akikimbia kwa hamaki, hasa akisikia pikipiki, anarudi kwenye mitatu. Asubuhi za baridi anachechemea kidogo hadi apate joto. Paja la kushoto limejaa, ila halijalingana na la kulia na daktari amenionya nisilisubiri lilingane. Mguu wenyewe utabaki mfupi kidogo, hiyo ni kawaida ya upasuaji wenyewe. Kucha nimeacha kuzikata, zinasagwa zenyewe.

Hodhi halijakauka. Fundi amenisambaza. Juzi alinipigia mzee mmoja kutoka Siha, mfugaji, mbwa wake wa kuchungia amefanyiwa upasuaji wa goti na anamtaka zizini upesi. Alikuwa tayari kupakia mbwa kwenye pikapu asubuhi ile ile.

Nikamuuliza kama nyuzi zimetolewa.

"Bado, lakini kidonda kizuri."

Nikamwomba asubiri zitoke, aje na ruhusa ya daktari wake, na siku ya kuja asimlishe mbwa chakula kizito kabla ya maji. Akanung'unika kwamba Moshi hata mbwa siku hizi wanahitaji barua. Kisha akauliza kama dagaa aje nao yeye au ninao.